Je, tamthilia za afya ya akili zinaweza kumvusha mtu kutoka Kiingereza cha kati hadi cha juu?

Kalamu Nyeusi (mleta mada)

Wanajamvi, salaam. Ninaomba ushauri wa watu waliokwisha kuipita hatua niliyokwama. Kiingereza changu cha kusoma hakina shida kubwa: ninasoma magazeti, ninaandika ripoti za kazini, na katika mtihani wa mwisho niliofanya niliwekwa daraja la B2 kwa vipimo vya Baraza la Ulaya. Tatizo huanza pale mazungumzo yanapoacha kazi na kuingia kwenye hisia. Mtu akinieleza jinsi mashine inavyofanya kazi ninamfuata hadi mwisho. Akianza kunieleza kwa nini hazungumzi tena na kaka yake, ninayasikia maneno yote, ninayajua karibu yote, na bado ninabaki nje ya habari yenyewe.

Rafiki yangu mmoja amenishauri niache filamu za mapigano na badala yake nitazame tamthilia zinazohusu afya ya akili, hasa zile ambazo sehemu kubwa yake ni mgonjwa na mtaalamu wake wameketi wanazungumza. Nimeanza na In Treatment na nimevutiwa, lakini nina mashaka. Ninahofia kwamba nitakusanya istilahi za hospitali ambazo sitazitumia maishani. Vilevile sijui kama maandishi ya chini ya skrini yananisaidia au yananilemaza, kwa sababu nikiyazima ninapotea, na nikiyawasha ninagundua baadaye kwamba nilikuwa ninasoma tu. Na hofu ya mwisho, ambayo huenda ikawachekesha, ni kwamba nitaanza kuzungumza na wafanyakazi wenzangu kama daktari anayewachunguza.

Mwalimu wa Fonetiki

Ndugu mleta mada, rafiki yako amekushauri vyema. Hofu ya istilahi iweke kando, kwa maana majina ya maradhi ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote: mengi yana asili ya Kigiriki au Kilatini, wahusika huyatamka kwa uwazi, na kamusi yoyote inayo. Kigumu ni jinsi mtu anavyolizunguka jambo asilotaka kulisema. Mgonjwa aliyekuja kueleza kwamba ndoa yake imevunjika anaweza kuanza kwa kulalamikia maegesho ya magari, akataja shati la mumewe, akacheka pasipochekesha, na mtazamaji anatakiwa aelewe kutoka katika kicheko hicho kwamba mume ameshaondoka. Hapo ndipo daraja la B2 linapoachana na C1, daraja linaloifuata kwa juu, kwa sababu vipimo vya C1 vinamtaka msikilizaji atambue maana ambayo haikutamkwa.

Ulichochagua kuanza nacho kina faida ambayo tamthilia nyingi hazina. In Treatment ilianza kuonyeshwa na HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, mwaka 2008, ikiwa imetokana na BeTipul, tamthilia ya Israeli ya mwaka 2005, na katika msimu wa kwanza ilirushwa siku tano za juma. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi kila siku ilikuwa na wagonjwa wake, na Ijumaa mtaalamu mwenyewe, Paul Weston, alikwenda kuketi mbele ya mtaalamu mwingine aitwaye Gina. Kipindi kimoja huchukua takribani nusu saa, na karibu chote hupita ndani ya chumba kimoja, watu wawili au watatu wakizungumza bila mlipuko wala mbio za magari. Hiyo Ijumaa usiipuuze hata kidogo. Mtu yule yule aliyetumia juma zima akiuliza maswali mapole na kupima kila neno anageuka kuwa mgonjwa: anakatiza, anabisha, anajitetea, anaacha sentensi zikining'inia. Ukitazama kipindi cha Jumatatu na cha Ijumaa kwa kufuatana, unapata rejista mbili, yaani mitindo miwili ya kuzungumza kulingana na hali, kutoka kinywa kimoja, na sijaona kitabu cha kiada kinachoweza kukupa hilo.

Sasa sikiliza viwakilishi. Mgonjwa anayezungumzia aibu yake mara nyingi huacha "I" na kuhamia kwenye "you", akasema kwa mfano "You wake up and you think, what's the point?" Hapo hamsemi mtaalamu aliye mbele yake, anajisema mwenyewe kwa mbali, kama sisi tunavyosema "mtu unaamka, unajiuliza, haya yote ya nini?" Mwanafunzi asiyelijua hili hudhani kwamba msemaji anamlaumu anayemsikiliza. Kisha kuna "he" na "she". Lugha yetu inatosheka na kiambishi kimoja kwa baba na kwa mama, ndiyo maana wengi wetu, hata wenye shahada, huteleza hapo wanapozungumza kwa haraka. Katika kisa cha kifamilia, sauti hiyo moja ya mwanzo ndiyo inayokuambia nani alimfukuza nani nyumbani, na mwandishi wa tamthilia hatarudia jina ili kukusaidia.

Sarufi ya majuto nayo imejaa huko. Watu wanaoketi mbele ya mnasihi hutumia muda mwingi kuzungumzia yasiyotokea, kwa hiyo utakutana na sentensi za aina ya "If he'd asked, I'd have told him" hadi uzizoee. Sauti ya "d" imo mara mbili; ya kwanza ni ufupisho wa "had", ya pili ni wa "would", na sikio haliwezi kuzitofautisha isipokuwa kwa neno linalofuata. Kwa upande wa maana sisi hatuna taabu, kwa kuwa "angaliniuliza, ningalimwambia" tumeizoea tangu utotoni. Taabu ni kuitambua ikiwa imemezwa na mtu anayelia.

Kuhusu maandishi ya chini, mwaka 2009 watafiti Holger Mitterer na James McQueen walichapisha jaribio ambalo Waholanzi wenye Kiingereza kizuri walitazama video zenye lafudhi nzito za Kiskoti na za Kiaustralia. Walioandikiwa chini kwa Kiingereza waliizoea lafudhi vizuri zaidi kuliko wasioandikiwa chochote, ilhali walioandikiwa kwa Kiholanzi walifanya vibaya walipopewa kusikiliza sentensi mpya. Kwa hiyo maandishi ya Kiingereza si mkongojo wa kuonewa haya. Tafsiri ndiyo ya kuepuka. Ninachowaambia wanafunzi wangu ni kwamba watazame kipindi kizima na maandishi ya Kiingereza kwa ajili ya kisa, kisha siku nyingine wachague dakika tatu au nne zenye mvutano, wayazime, na wazisikilize hadi waweze kueleza kila pumzi imewekwa pale kwa nini. Dakika hizo chache zina kazi ya juma zima, na anayemaliza misimu mitatu kwa siku chache huwa amestarehe tu.

Mkalimani

Ninakubaliana na Mwalimu kuhusu viwakilishi na maandishi, lakini naomba kutofautiana naye kuhusu chaguo lenyewe. Mazungumzo ya In Treatment ni masafi mno. Mmoja anauliza, mwingine anajibu, kila mtu anasubiri zamu yake, na mtaalamu anazungumza Kiingereza cha watu wachache sana duniani, yaani wale wanaolipwa ili wasikatize. Ndugu Kalamu Nyeusi hakusema kwamba anashindwa kumwelewa mtaalamu. Alisema anashindwa kumwelewa mtu anayesimulia habari za kaka yake. Mtu huyo hasubiri zamu.

Kwa shida hiyo ningempeleka kwenye This Way Up ya Channel 4, kituo cha televisheni cha Uingereza, iliyotoka kwa misimu miwili, 2019 na 2021. Mhusika mkuu, Áine, ni mwanamke wa Kiayalandi anayeishi London na kujaribu kusimama tena baada ya kuvunjika kiakili, na kazi yake, kwa bahati njema kwetu, ni kuwafundisha wageni Kiingereza. Aisling Bea, aliyeiandika, ndiye pia anayemwigiza. Utamsikia darasani akizungumza polepole na kwa uwazi na wanafunzi wake, halafu dakika chache baadaye yuko na dada yake, Shona, wanarushiana mizaha kwa kasi ambayo inakulazimisha kurudisha nyuma. Na mizaha hiyo ndiyo somo, kwa sababu kila Áine anapoulizwa hali yake kwa dhati hujibu kwa kichekesho, na dada yake hujua ni kichekesho kipi cha kupokea na kipi cha kutilia wasiwasi. Anayeweza kuvitofautisha ameshavuka daraja analolitafuta, hata kama hajui jina la dawa moja.

Jambo jingine ambalo halijaguswa ni kwamba Kiingereza cha afya ya akili kina nchi yake. Katika tamthilia ya Uingereza utasikia kwamba fulani amekuwa "sectioned", na ukitafuta katika kamusi ndogo utaambiwa habari za kukata vipande. Neno linatokana na vifungu vya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983 ya Uingereza na Wales, ambayo kifungu chake cha 2 kinaruhusu mtu kuzuiliwa hospitalini kwa uchunguzi hadi siku 28. Katika tamthilia ya Marekani inayotendeka California, jambo la jamii hiyo hiyo hutajwa kwa nambari tu, "fifty-one fifty", ambayo ni kifungu cha 5150 cha sheria za jimbo hilo, na muda wake ni saa 72. Wahusika hawalielezi neno, kwa kuwa mtazamaji wa kwao analijua. Kwa hiyo ni busara kushika nchi moja kwa muda mrefu kabla ya kurukia nyingine, la sivyo utakuwa na msamiati mchanganyiko ambao haukubaliki kikamilifu popote.

Na mtego mmoja. Wengi hupendekeza The Sopranos, tamthilia ya Marekani iliyoonyeshwa kuanzia 1999 hadi 2007, kwa sababu ya vikao vya Tony, bosi wa genge la wahalifu, na Daktari Melfi, mtaalamu wake wa akili. Vikao hivyo ni vizuri kweli kweli, hasa kwa jinsi daktari anavyozungumza kwa sentensi kamili huku mgonjwa wake akipaparika. Hata hivyo Tony na wenzake huvuruga maneno makubwa kwa makusudi ya waandishi, wakitumia neno moja mahali pa jingine linalofanana nalo kwa sauti, na mtazamaji mzawa hucheka. Mwanafunzi asiyejua atalinakili kosa katika daftari lake kama lulu. Kila neno zito litokalo kinywani mwa Tony lihakiki kwanza katika kamusi.

Kwa anayejiuliza kama msamiati wake unatosha kuanza, Stuart Webb na Michael Rodgers walichambua vipindi 88 vya televisheni katika utafiti wa mwaka 2009 na wakaona kwamba familia 3,000 za maneno yanayotumika zaidi (familia moja ni neno pamoja na maumbo yake), zikijumlishwa na majina ya watu na mahali, hufunika takribani asilimia 95 ya yanayosemwa, na ili kufika asilimia 98 zinahitajika kama 7,000. Mtu wa B2 ana nafasi nzuri ya kuwa ameifikia ile idadi ya kwanza. Kwa hiyo ukipotea, usiharakishe kulaumu uchache wa maneno yako. Mara nyingi ni kasi, na ni vile vitenzi vifupi vinavyobadilika maana kwa kuongezewa vihusishi, kama "open up", "shut down", "lash out" na "bottle up", ambavyo ndivyo Waingereza na Wamarekani huvitumia wanapozungumzia moyo, wakiacha Kilatini kwa ajili ya cheti cha daktari.

Muuguzi wa Zamu

Nimefanya kazi kwa miaka mingi katika wodi ya magonjwa ya akili, na lugha ya kazi yetu ni Kiingereza, kwa hiyo naomba niongeze mambo ambayo walimu wa lugha huwa hawayaoni.

Tamthilia hizi zimejaa maneno yasiyofaa kutamkwa na mgeni wa lugha. Mhusika akimwita dada yake "psycho" wakati wa ugomvi, au akijiita mwenyewe "crazy" kwa utani, mtazamaji anasikia neno fupi, rahisi na lenye ladha, na siku ya pili analitumia ofisini. Mzawa anajua ni nani anaweza kumwambia nani, mbele ya nani, na kwa sauti gani. Mwanafunzi anaona neno peke yake. Ningeshauri kwamba kila neno la namna hiyo liandikwe pamoja na msemaji wake, aliyeambiwa, na jinsi aliyeambiwa alivyoitikia. Usoni mwa aliyeambiwa ndimo mlimo na uzito wa neno, na kamera huonyesha uso huo karibu kila mara.

Maneno mengine yanabadilika, na tamthilia ya zamani itakufundisha yaliyopitwa. Mfano ulio wazi ni kuhusu mtu kujiua. Kwa muda mrefu Kiingereza kilisema "committed suicide", kwa kitenzi kile kile kinachotumika kwa makosa ya jinai, na Uingereza na Wales jambo hilo lilikuwa kosa la jinai hadi sheria ya mwaka 1961 ilipolifuta. Siku hizi wataalamu na vyombo vingi vya habari husema "died by suicide". Katika tamthilia utazisikia zote mbili, na ukisikiliza vizuri utaona kwamba waandishi wazuri huzigawa kwa makusudi: mnasihi kijana hutumia ya pili, mzazi mwenye hasira hutumia ya kwanza.

Pia msizichukue kama elimu ya tiba. Kikao halisi kina marudio mengi, kimya kirefu, na majuma ambayo hakuna kinachofichuliwa. Televisheni haiwezi kuvumilia hivyo, ndiyo maana kila kipindi kina siri yake. Na kwa yeyote ambaye yeye mwenyewe yuko katika kipindi kigumu, zoezi la kurudia dakika zile zile nne mara nyingi, huku ukiiga sauti ya mtu aliyekata tamaa, linaweza kuwa na athari ambayo hukuikusudia. Watengenezaji wenyewe wanaujua uzito huu: mwaka 2019 Netflix iliondoa tukio la kujiua katika msimu wa kwanza wa tamthilia yake ya vijana, 13 Reasons Why, miaka miwili baada ya kuonyeshwa kwa mara ya kwanza. Chagua vipande vya ugomvi, vya mapatano, vya familia mezani. Lugha ni ile ile.

Kalamu Nyeusi (mleta mada)

Ninawashukuru wote. Muuguzi, hilo la kuandika neno pamoja na uso wa aliyeambiwa nimeanza kulifanyia kazi tayari. Lakini mimi nabaki na swali kwa Mwalimu na Mkalimani. Tuchukulie kwamba nimefika mahali pa kuelewa. Je, kuelewa huko kutashukaje hadi ulimini? Ninaweza kutambua kwamba mgonjwa anazunguka jambo, na bado mimi mwenyewe nikiulizwa hali yangu kwa Kiingereza ninajibu kama ninayejaza fomu.

Mwalimu wa Fonetiki

Tazama kikao hadi mahali ambapo mtaalamu ameuliza swali zito, simamisha picha, na ujibu wewe kwa sauti kama ungekuwa ndiye mgonjwa, kabla hujasikia jibu la kwenye tamthilia. Jirekodi kwa simu. Kisha sikiliza jibu la mhusika na ulinganishe, si kwa kutafuta makosa ya sarufi, bali kwa kutazama alichukua muda gani kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Karibu kila mwanafunzi hujibu moja kwa moja na kwa ufupi kuliko mhusika. Mhusika huanza na "I don't know", ambayo haina maana kwamba hajui. Ni ya kununua muda. Hufuata "I guess" au "it's just that", na ndipo neno zito linapokuja, mara nyingi likiwa dogo kuliko tulivyotarajia.

Zoezi la pili ni la maandishi. Andika kikao hicho hicho mara mbili, kwanza kama taarifa ambayo mtaalamu angeiweka katika jalada la mgonjwa, kisha kama ujumbe ambao mgonjwa angemwandikia rafiki yake usiku ule. Katika taarifa utahitaji sentensi za kutendewa, nomino dhahania, na vitenzi kama "reports" na "denies", ambavyo katika lugha ya jalada havimaanishi kwamba mgonjwa anashukiwa kudanganya. Katika ujumbe hutahitaji hata kimoja. Wewe unayeandika ripoti kila siku utaona kwamba ile ya kwanza unaimaliza haraka na ya pili inakutoa jasho. Muda wako uweke kwenye hiyo ya pili, na umpe mzawa aisome kama unaye.

Mkalimani

Naongeza kuhusu ile hofu ya kuzungumza kama daktari, kwa sababu nimewasikia watu waliofika huko, na kwa kweli inachosha kuzungumza nao. Dalili zake ni kwamba kila unalomwambia mtu anakujibu kwa "It sounds like you're feeling" na kisha anakurudishia maneno yako mwenyewe. Fungu hilo linafaa kwa mtu mwenye leseni na saa ukutani. Rafiki akikwambia kwamba hajalala, Kiingereza cha kawaida humjibu kwa kifupi, kwa sauti inayoshuka: "God, that's rough", au "Since when?", na baada ya hapo hunyamaza ili mwenzake aendelee. Katika tamthilia yoyote utakayoichagua, wagawe wasemaji. Maswali ya mtaalamu yasikilize kwa ajili ya kuelewa tu. Unaotaka kuwaiga ni dada, mume, jirani na mfanyakazi mwenza, yaani wale wanaosikia habari mbaya bila kulipwa, na baadhi yao huitikia vibaya, jambo ambalo nalo lina mafunzo yake. Anza na Áine na Shona, kipindi cha kwanza, na maandishi ya Kiingereza yakiwa yamewashwa, kisha urudi hapa utuambie ni wapi umelazimika kurudisha nyuma.